Uhuru na Uwezo wa Kukataa

Mwezi wa Aprili mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitia saini amri iliyofuta kisheria hali ya utumwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Soko la Mkunazini lilikuwa limekwisha kufungwa miaka 24 kabla ya hapo, kwa mkataba ambao Sultani Barghash alishurutishwa na Waingereza kuutia saini mwezi wa Juni 1873, na juu ya ardhi ile ile ambako watu walisimamishwa wakauzwa pakajengwa kanisa kubwa ambalo lingaliko hata leo. Lakini kufunga soko si kumfungua mtu. Aliyekwisha kununuliwa alibaki mali ya mnunuzi wake, na mtoto aliyezaliwa shambani alizaliwa ndani ya milki hiyo hiyo. Kwa hiyo amri ya 1897 ndiyo iliyomfikia mtu katika nafsi yake, na kila anayetaka kutafakari maana ya uhuru katika mwambao wetu, uwe uhuru wa mtu mmoja au uhuru wa taifa zima, hana budi kuisoma polepole, kwani mambo iliyoyanyima yana mafunzo makubwa kuliko mambo iliyoyatoa.

Amri hiyo haikutangaza kwamba tangu siku ile kila mtumwa ni huru. Ilitangaza kwamba mahakama hazitasikiliza tena dai la bwana juu ya mtumwa, na kwamba mtumwa atakaye uhuru aende kwa miguu yake mwenyewe kuuomba mbele ya mahakama. Bwana aliyethibitisha kwamba alimmiliki mtu huyo kwa njia iliyokuwa halali chini ya sheria ya zamani alilipwa fidia. Mtu mwenyewe, aliyelima na kuangua nazi na kuchuma karafuu bila ya ujira tangu utoto wake, hakulipwa kitu. Zaidi ya hayo, aliyekwisha kuandikiwa uhuru wake alipaswa kuonyesha kwamba ana makao maalumu na njia ya kupata riziki, la sivyo angehesabiwa kuwa mzururaji, na tangu hapo akawa na wajibu wa kulipa kodi. Masuria walitengwa na hukumu hiyo kwa hoja kwamba hali yao ilikuwa kama hali ya wake, wakangoja mpaka 1909. Hebu tumweke mbele ya macho yetu mtu wa shamba la Pemba katika mwezi ule: ardhi anayoilima si yake, minazi si yake, kibanda chake kimesimama kwa idhini ya mwenye shamba, na jamaa aliozaliwa nao wako Unyasa au Manyema, nyuma ya bahari na nyuma ya safari ya miezi, ikiwa bado wako hai; naye anaambiwa kwamba mlango u wazi, ila kwanza aseme usiku atalala wapi.

Wengi hawakwenda mahakamani, na wako maofisa wa zama zile waliolifanya jambo hilo kuwa hoja ya kwamba watumwa walikuwa wameridhika na hali yao. Hoja hiyo siikubali hata kidogo, kwani asiye na pa kwenda hawezi kuhesabiwa kwamba amechagua kubaki. Lakini liko jambo la pili, nalo kwangu ndilo kiini cha maudhui haya. Ile karatasi ya mahakama ilifanya kazi hata kwa yule asiyeichukua. Katika miaka iliyofuata, wenye mashamba walijikuta wakipatana na watu ambao jana waliwaamrisha tu: kwamba mtu apewe kipande cha ardhi chini ya mikarafuu apande muhogo wake, naye kwa upande wake apalilie shamba kwa siku zilizoafikiwa, na msimu wa mavuno ukifika achume kwa malipo. Mapatano hayo yalikuwa magumu, na mara nyingi yalikuwa ya dhuluma. Hata hivyo yalikuwa mapatano, na hayakuzaliwa na ukarimu wa mtu ye yote. Bwana alijua kwamba yule aliye mbele yake, akidhikiwa kupita kiasi, anaweza kuondoka, na hakuna tena askari wala kadhi atakayemrudisha. Tangu hapo neno la mnyonge likapata uzito, japo mdogo, ambao halikuwa nao.

Uhuru ninaouzungumzia hapa, basi, ni huo: kuweza kusema hapana, na kesho yake ukaamka una pa kulala, una cha kula, na una watu wa kukuamkia. Kila sehemu ya maelezo haya ina thamani yake, na ile ya mwisho, ya watu wa kukuamkia, ndiyo ambayo wanaoandika juu ya uhuru huisahau upesi.

Waliotoka utumwani hawakuisahau. Mtumwa alikuwa mtu aliyekatwa na nasaba yake, ambaye akifa hana wa kumrithi na akidhulumiwa hana wa kumlilia. Na jambo la kwanza alilolitafuta alipofunguliwa halikuwa kukaa peke yake. Alitafuta jamaa. Waliingia katika vyama vya ngoma vilivyokuwa na vyeo vyao na michango yao ya harusi na maziko. Waliingia katika tarika, hasa Kadiria, ambamo katika halka ya dhikri bega la mzalia liligusana na bega la mwenye nasaba. Walijenga Ng'ambo, ng'ambo ya hori lililoutenga mji wa mawe, mitaa iliyojaa majirani waliokuwa wamefanyana ndugu. Walibadili hata mavazi. Kabla ya hapo mtumwa alivaa kaniki au merikani isiyo na nakshi, na mwanamume hakutazamiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Sasa wanawake walinunua kanga za rangi, wakazibadili kila zilipokuja za mtindo mpya, na baadaye wakajifunika buibui kama mabibi wa mjini; na mtu asiwacheke kwa hayo, akadhani kwamba walikuwa wakiiga wakubwa tu. Aliyenyimwa staha kwa nguo huirudisha staha yake kwa nguo, na kanga iliyonunuliwa kwa fedha ya jasho la mvaaji ilikuwa ushahidi uliosomeka na kila mpita njia.

Katika kizazi hicho alizaliwa mwanamke ambaye maisha yake huyafikiria sana. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, takriban mwaka 1880, kwa wazazi wa asili ya utumwa, akaitwa Mtumwa. Jina lenyewe alilopewa utotoni lilikuwa hali yake. Alikua akiuza vyungu, akivibeba kichwani kutoka shamba mpaka mjini na kuvinadi kwa sauti, na mwaka 1911 akahamia mjini moja kwa moja, hana mali wala mlinzi, akiwa na sauti yake tu. Huko alifundishwa muziki na mabingwa wa udi na fidla, akaimbia majumba ya wakubwa, na mji wenyewe ukamwita Siti. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay pamoja na wenzake kurekodi santuri, na sauti ya binti wa Fumba ikasikika katika gramafoni za mwambao wote wa Afrika ya Mashariki. Taarabu ya majumba ya kifalme ilikuwa imezoea kuimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, na katika nyimbo zake mkaingia habari za kesi zilizohukumiwa, za wanawake waliodhulumiwa, na za wakubwa waliopindisha haki, na Ng'ambo nzima ikizijua habari hizo na wahusika wake. Siti binti Saad alikufa mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake, akaona kwamba maisha ya mwanamke huyo yanastahili kitabu kama yanavyostahili maisha ya masultani.

Bagamoyo nako aliishi Sheikh Ramiya, ambaye aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto, akiwa mtumwa, katika nyumba ya mmoja wa matajiri wa mji ule. Alisoma, akafanya biashara ndogondogo mpaka akawa na mashamba yake ya minazi, akafungua darasa, na mwisho akawa khalifa wa Kadiria ambaye wanafunzi wake walitoka mbali ndani ya bara, na ambaye maulidi yake yaliukusanya mji mzima, waungwana kwa wasio waungwana. Alifariki mwaka 1931. Wawili hawa, mwimbaji na mwanachuoni, hawakufanana katika jambo lo lote la nje, na pengine sheikh asingelipenda kutajwa ukurasa mmoja na mwimbaji. Lakini wote wawili walipata kitu ambacho amri ya 1897 haikukitoa na isingeliweza kukitoa, yaani ujuzi ulio mali ya mtu mwenyewe, na jamaa waliokusanyika kwa hiari kuuzunguka ujuzi huo.

Nayasema haya kwa urefu kabla sijafika kwenye bendera, kwa sababu naona kwamba taifa lililozaliwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 lilijikuta mbele ya masuali yale yale aliyoulizwa mtu wa shamba la Pemba. Usiku ule taa za uwanja wa Dar es Salaam zilizimwa, bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, na zilipowashwa tena ikaonekana ya Tanganyika. Na juu ya kilele cha Kilimanjaro Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge. Chama cha TANU kilikuwa na umri wa miaka saba tu, tangu 7 Julai 1954, na katika miaka hiyo saba kilikuwa kimefanya kwa mikutano, kadi na maneno kile ambacho kwingineko kimefanywa kwa damu. Furaha ya usiku ule ilikuwa ya haki kabisa, na sioni insafu kwa waandishi wa leo wanaoidharau kana kwamba waliokuwapo walikuwa watoto waliodanganywa kwa fataki.

Ila nchi nayo iliulizwa: makao yako ni yapi, na riziki yako itatoka wapi? Riziki ilikuwa mkonge, pamba na kahawa, mazao ambayo mkulima aliyalima bila kujua bei, kwa kuwa bei ilikatwa ng'ambo. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge, ikawa ya kwanza duniani, na katika miaka hiyo hiyo bei ikaanza kuporomoka, hata ikawa kuongeza jasho si kuongeza fedha. Na makao, yaani ulinzi wa nyumba yenyewe, ulikuwa mikononi mwa jeshi ambalo maofisa wake wakubwa walikuwa bado Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964, siku nane baada ya mapinduzi ya Unguja, askari wa kambi ya Colito waliasi, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa hao. Mji ukaingia ghasia, maduka yakavunjwa, na serikali ikatetereka. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza msaada, na tarehe 25 askari wao wakashuka kwa helikopta kutoka katika manowari iliyokuwa baharini, wakawanyang'anya waasi silaha kwa muda mfupi. Nchi iliyokuwa huru kwa miaka miwili na wiki chache iliokolewa na mkono ule ule iliokuwa imeuaga. Mwalimu hakuificha fedheha hiyo, aliitamka hadharani. Jeshi la zamani likavunjwa, na mwezi wa Septemba mwaka huo huo likaundwa jipya, Jeshi la Wananchi.

Mwaka uliofuata ulikuja mtihani wa aina nyingine, nao unanipa fahari kila ninapousoma. Baada ya Muungano wa Aprili 1964, Ujerumani ya Magharibi haikupendezwa na kuwapo kwa wajumbe wa Ujerumani ya Mashariki nchini, ikakata msaada wake wa kijeshi ili iwe onyo. Serikali ya Tanzania ikajibu kwa kuiambia iuondoe na msaada uliobaki. Mwezi wa Desemba 1965, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wenyewe mwezi wa Novemba, uhuru wa wachache wa kuwatawala wengi, mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kwamba nchi zao zivunje uhusiano na Uingereza ikiwa haitauzima uasi huo. Si zote zilizolitimiza azimio. Tanzania ililitimiza, na kwa kulitimiza ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao ulikuwa umekwisha kupangiwa kazi. Maskini aliyekataa fedha mkononi, kwa ajili ya haki ya jirani asiyemjua kwa uso, alikuwa amefika mahali ambako bendera peke yake isingelimfikisha. Na Azimio la Arusha la 5 Februari 1967, lilipoeleza kwamba kuufanya msaada wa nje kuwa msingi wa maendeleo ni kuuweka uhuru rehani, lilikuwa likiandika kwa utulivu mambo ambayo nchi ilikuwa imekwisha kuyaonja.

Laiti habari ingeliishia hapo. Serikali iliyojifunza kusema hapana kwa London na kwa Bonn haikupenda kusikia neno hilo likisemwa na watu wake wenyewe. Tangu mwaka 1962 ilikuwako sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya kumfikisha mahakamani, na waliowekwa humo hawakuwa na karani wa kwenda kumwomba karatasi. Lakini mfano unaoniuma zaidi ni wa Ruvuma. Huko Litowa, katika wilaya ya Songea, vijana wa TANU walianza mwaka 1960 kulima pamoja na kuishi pamoja kwa hiari yao, wakashindwa, wakarudia, wakafanikiwa. Vijiji vingine vikawafuata mpaka vikawa zaidi ya kumi, vimeungana katika chama chao cha maendeleo cha Ruvuma. Walikuwa na shule iliyowafundisha watoto maisha ya kijiji chao, walikuwa na mashine ya kusaga na kiwanda cha kupasua mbao, na mambo yao waliyaamua kikaoni, wenyewe. Mwalimu aliwatembelea na kuwapenda, na maandiko yake juu ya ujamaa vijijini yaliwachukua kuwa kielelezo. Watu hawa walikuwa wamelifanya Azimio kabla halijaandikwa. Basi mwezi wa Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho, mali yake ikachukuliwa, na viongozi wake wakatawanywa. Kosa lao, kwa kadiri ninavyoweza kuona, ni kwamba walijitegemea kweli kweli, hata wakaweza kumwambia ofisa wa mkoa kwamba shauri lake wamelisikia na hawalitaki.

Miaka michache baadaye, kati ya 1973 na 1976, kuhamia vijijini kukawa amri. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa ridhaa, wengi kwa malori na askari, na ziko sehemu ambako nyumba ziliezuliwa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Sitasema kwamba vijiji havikuleta shule, visima na zahanati, kwani vilileta, na mtu aliyejifunza kusoma katika shule hizo hawezi kuulizwa aikane. Nasema tu kwamba mkulima yule, akisimama kando ya vyombo vyake juani huku akionyeshwa mahali atakapojenga upya, alikuwa katika hali ambayo babu yake wa shamba la karafuu angeliitambua mara moja.

Na tumtaje Bibi Titi Mohamed, maana bila yeye hesabu hii haitimii. Mwaka 1955 alikuwa mwimbaji mashuhuri wa ngoma mjini Dar es Salaam, hakuwa na elimu kubwa ya shule, na TANU ilipowataka wanawake, yeye aliwaleta: alipita katika vyama vya ngoma mtaa kwa mtaa, akakuta tayari kuna viongozi, michango na siri zinazotunzwa, akavigeuza kuwa nguvu ya chama. Alisafiri jimbo kwa jimbo akihutubia katika zama ambazo mke kutoka nje kwenda mkutanoni lilikuwa jambo la kuombewa ruhusa kwa mume. Ndiyo maana namwona kuwa aliufungua mlango mara mbili, wa nchi na wa nyumba. Baada ya Azimio la Arusha hakuafikiana na masharti ya viongozi, hasa lile la kukatazwa kupangisha nyumba, na akajitenga. Hoja yake haikuwa ndogo kama ilivyofanywa: mwanamke wa mjini asiye na elimu ya ofisini, ambaye nyumba ndiyo akiba yake na ndiyo ulinzi wake dhidi ya talaka na uzee, ana sababu ya kuogopa kuiacha. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma ya uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka uliofuata akaachiliwa kwa amri ya Rais. Ya kesi yenyewe nawaachia mahakimu. Ninalolijua ni kwamba aliporudi mjini, wengi aliowafundisha kusimama jukwaani hawakuthubutu kusimama naye barabarani. Alifariki mwaka 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Nikitoka huko nikaja kwa watu wa siku hizi, nauona uhuru wa mtu mmoja mmoja ukipimwa kwa kipimo kile kile, ingawa haipigwi mbiu wala haipandishwi bendera. Kijana akihama kwa wazazi akapanga chumba, huambiwa kwamba sasa anajitegemea. Naye huenda akawa amehama kutoka katika mamlaka ya baba aliyempenda akaingia katika mamlaka ya mwajiri asiyemjua jina, akicheka pale mwajiri anapocheka na kunyamaza pale anaponyamaza, kwa kuwa mshahara wa mwezi mmoja ukikatika hana wa pili. Wala simlaumu. Mwingine ameingia katika mikopo ile ambayo mitaani huitwa kausha damu, ambayo faida yake humrudisha mkopaji kwa mkopeshaji kila juma, hata akawa anaamka alfajiri kwa ajili ya mtu mwingine kama alivyoamka kibarua wa zamani aliyemgawia bwana wake nusu ya ujira. Kinyume chake namwona mwanamke mwenye hisa zake katika kikoba na jina lake katika hati ya kiwanja, jambo ambalo sheria za ardhi za 1999 zilimhakikishia kwamba ni haki yake sawa na mwanamume. Husikia jinsi anavyozungumza katika baraza la nyumba yake, sauti haikupanda, wala heshima kwa mumewe na wakwe haikupungua, lakini likija shauri la kumwoza binti aliye shuleni husema halitakuwa, na haliwi. Nimelishuhudia hilo zaidi ya mara moja, na kila mara nimeona kwamba nyuma ya neno lake pamesimama kiwanja, kikoba, na wanawake ishirini wanaokutana kila Jumamosi.

Taifa nalo lilifika mahali lilipokataa likashindwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikiwa juu na hazina ikiwa tupu, Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka shilingi ishushwe thamani na matumizi ya serikali yapunguzwe. Mwalimu akakataa kwa hasira ya haki, na kwa miaka kadhaa nchi ikabeba uzito wa kukataa huko, watu wakipanga foleni za sukari na sabuni, maduka yakiwa na rafu zisizo na kitu. Mwaka 1986, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa madarakani, masharti yalikubaliwa. Wako wanaosema tulisaliti, na wako wanaosema tulichelewa. Mimi naona uzito mkubwa zaidi katika miaka iliyotangulia vita, tulipovivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuwaachia wakulima mashirika ya serikali yaliyochelewa kuwalipa. Kwani siku ya kukataa ilipofika, waliokuwa na jembe walikuwa wamekwisha kupoteza sababu ya kulima zaidi ya chakula chao, na neno la serikali likakosa wa kulisimamia.

Mwezi wa Februari 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza Watanzania kama wanataka kuendelea na chama kimoja au kuwa na vyama vingi. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja, na takriban 20 walitaka vyama vingi. Tume ikashauri vyama vingi viruhusiwe. Iliona kwamba wachache wale wasingeweza kuendelea kunyimwa nafasi katika nchi yao kwa sababu tu ni wachache, na pamoja na ushauri huo ikaorodhesha sheria 40 ambazo ziliminya haki za watu, ile ya kizuizini ya 1962 ikiwa miongoni mwao, ikataka zifutwe au zirekebishwe. Mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Sheria zile hazikufutwa zote, na nyingine zilirekebishwa kwa namna ambayo jaji mwenyewe asingeliitambua. Watoto wetu hukariri tarehe ya mwenge na majina ya mawaziri wa kwanza, na ni vyema wayajue. Ila ningependa orodha ya Jaji Nyalali nayo isomwe madarasani, sheria kwa sheria na mwaka kwa mwaka, ipi imefutwa na ipi ingaliko, na kila mtoto aandike pembeni ya ile iliyobaki ni jambo gani mama yake hawezi kulikataa kwa sababu yake.